Lipu ya Jumba la Mawese

Nimeombwa niandike ukurasa mmoja wa historia ya jengo, uwekwe kwenye kibao mlangoni mwa Jumba la Mawese, Ujiji. Aliyeniomba ni msimamizi mpya wa makumbusho, dada mwenye adabu nyingi, aliyenipigia simu na kuniita "mama" mara tano kabla ya kutaja shida yake. Alisema amelikuta jina langu kwenye ramani za zamani za jengo, na amesikia kwamba siku hizi naandika makala. Nikamjibu kwamba ni kweli, ila wasomaji wangu ni wastaafu na watu wanaosubiri zamu ya daktari. Akacheka kwa heshima. Kisha akanieleza, kama jambo la kupita tu, kwamba fundi Sadiki, ambaye naye yumo kwenye mafaili, alifariki kabla mvua za mwaka huu hazijaisha, na kwamba ukuta wa magharibi umejengwa upya kwa udongo. "Wataalamu wanasema saruji ndiyo iliyouua ule wa mwanzo, mama. Ulikuwa unajua?" Nikamwambia mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Nilifika Kigoma nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne, na mali yangu yote ilikuwa shahada, sanduku la bati na futi ya chuma ya mita thelathini niliyoipenda kuliko binadamu yeyote niliyemjua wakati huo. Habari za wazazi wangu na kwetu naziacha, hazina kosa katika haya. Nilipangiwa chumba Gungu, uani kwa Mama Nestori, mjane wa Kiha aliyeuza mawese kwa chupa barazani kwake na kunilisha kama mtu aliyeagizwa kuninenepesha. Chumba kilikuwa na kitanda, meza yenye mguu mmoja mfupi, na dirisha dogo lililofunguka jikoni, kwa hiyo kila nilichovaa mwaka ule kilinukia migebuka, samaki wa ziwani. Jua likikaribia kuzama tulikaa mkekani, sinia la ugali wa muhogo katikati, migebuka ikielea katika mchuzi mwekundu wa mawese uliopaka midomo mpaka ikawa huwezi kumdanganya mtu kwamba hujala. "Kula, mwanangu," aliniambia. "Wewe unapima kuta za watu, wewe nani atakupima?" Asubuhi nilimsikia dirishani akinong'ona na jirani yake, Kiha kikichanganyika na Kiswahili, na nikawahi kuambulia tathmini yangu ya kwanza kazini: "Kasoma sana huyu, ila kufua hajui."

Siku hizi nikiulizwa kuhusu majengo huwa nasema maneno mengi yasiyo na uzito. Jumba la Mawese nilikuwa nalijua kwa viganja. Lilikuwa refu, la vyumba saba vilivyoshikana kuzunguka ua, likitazama upande ambako ziwa lilifika zamani kabla halijarudi nyuma. Msingi wake ulikuwa wa mawe, na juu ya mawe ulipanda udongo, ukuta mnene kama mkono wangu kuanzia ncha za vidole hadi begani. Nilijua hivyo kwa sababu niliuchomeka mkono katika tundu la dirisha kabla sijakumbuka kwamba nina futi. Mlango wa mbele ulikuwa wa mvule, mzito, umechongwa maua ambayo nusu yake yalikuwa yamelambwa na viganja vya waingiao. Ndani kulikuwa na baridi hata saa nane mchana, na kulinukia mawese, kwa sababu mwenye nyumba wa kwanza alikuwa mfanyabiashara aliyeweka humo mitungi ya mafuta na magunia ya chumvi, na kuta zilikunywa mafuta hayo zikakataa kusahau. Baadaye serikali ya kikoloni ikalifanya ghala na kulivisha mabati. Baadaye tena likawa darasa, na baada ya hapo walimu wawili wapenda picha wakaanza kutundika humo michoro ya watu wa mwambao wote wa ziwa, mpaka serikali ikaona kwamba tayari ina makumbusho ya sanaa bila kujenga. Historia hiyo niliikusanya barazani, na ilikuwa kazi ngumu, kwa kuwa kila mtu wa Ujiji ana babu aliyeshiriki kulijenga. Kama mababu wote hao wangekuwepo kweli, jumba lingekamilika kabla ya adhuhuri.

Kazi niliyopewa na mkuu wetu, Bwana Mkude, ilikuwa kupima kila chumba, kuchora ramani, na kuandika taarifa ya hali ya jengo pamoja na mapendekezo, ili likarabatiwe na kufunguliwa rasmi. Bwana Mkude alikuwa mtu wa Morogoro, nadhifu, mpole, aliyeogopa vitu viwili, vumbi na wageni kutoka wizarani. Nilimpenda. Nasema hivyo kwa sababu katika kumbukumbu za watu wa umri wangu wakuu wa kazi huwa majambazi, na yeye hakuwa jambazi. Alikuwa mtu aliyechoka, kama nilivyo mimi sasa.

Nilifika mwanzoni mwa kiangazi, na wiki yangu ya pili ilikuwa wiki ya kusiriba. Kila mwaka mvua zikishaisha na ukuta ukikauka, watu wa mitaa ya jirani walilivisha jumba ngozi mpya ya udongo. Hakuna aliyewaita kwa barua. Wanaume walichimba shimo uani, wakamimina maji, pumba na samadi, wakakanyaga kwa miguu mpaka udongo ukalainika kama unga wa maandazi. Wanawake walijipanga ukutani na kuupaka kwa viganja, kutoka chini kwenda juu, na nyuma yao alipita fundi Sadiki akikandamiza, akigonga, akisikiliza, akimrudisha huyu na kumsifu yule. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye masharubu aliyoyatunza kuliko watoto, na mdomo usiolala. Mimi nilisimama pembeni na ubao wangu wa kuchorea.

"Msomi!" aliniita. "Hiyo karatasi yako haiogopi tope?"

"Mwache," alisema mwanamke mmoja aliyekuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. "Anaandika majina ya wavivu."

"Basi aanze na la mume wako."

"Mume wangu si wewe hapo?"

Ukuta mzima ukacheka. Ndivyo nilivyomfahamu Bi Zuhura, mke wa Sadiki. Alichota bonge la udongo, akanisogezea. "Shika, binti. Paka hapo chini, hata ukikosea mbuzi hawatacheka." Nikamwambia nitachafua michoro. Akanitazama kidogo, bila ubaya, akalipaka bonge lile yeye mwenyewe. Nimewahi kukataa vitu vingi katika maisha, pamoja na wanaume wawili na kazi moja ya kuwatafutia watu wengine ubunge, lakini lile bonge ndilo hunijia.

Mchana ule nilifanya uvumbuzi. Kwenye ufa karibu na mlango wa ua niliona ngozi za miaka iliyopita zimelaliana, nyekundu, kijivu, nyekundu tena, kisha mstari mweupe wa mwaka walipopata chokaa, nyembamba kama kurasa. Nilikaa chini kuzihesabu hadi macho yakaniuma. Niliandika aya nzuri sana kuhusu kurasa zile, aya ambayo hata leo ningeweza kuiuza. Kisha, katika ukurasa uliofuata, nikaandika kwamba jengo linalohitaji kupakwa upya kila mwaka ni jengo lenye kasoro, na nikapendekeza kuta zote za nje zivishwe wavu wa banda la kuku na kupigwa lipu ya saruji, "ili kuondoa usumbufu huu wa kudumu." Usumbufu! Watu sitini wanacheka ukutani, mimi nikaona usumbufu. Sikuwa mjinga, nilikuwa na akili za kutosha kuona kitu na kutokielewa, na hilo linahitaji masomo.

Sadiki alipata habari akaja kunitafuta. Nilikuwa kwenye chumba cha tatu, nimepiga magoti, napima kizingiti.

"Nasikia unataka kulivalisha jumba suti."

"Lipu, fundi. Litadumu miaka."

"Kitadumu kipi? Hiyo lipu, au jumba?" Akachuchumaa. "Sikiliza. Huu ukuta unatoka jasho. Maji yanapanda kutoka chini, yanatokea kwenye ngozi, yanakwenda zake. Mvua nayo inakula ngozi, sisi tunaipa ngozi nyingine. Ukiinyima ngozi itakula nyama."

"Saruji haipitishi maji, fundi. Ndiyo faida yake."

"Ndiyo ubaya wake! Haipitishi kuingia, haipitishi kutoka."

Ningepaswa kusimama hapo nikaandika. Ila ni Sadiki huyohuyo aliyeniambia wiki moja kabla kwamba radi haipigi nyumba yenye paka, na kwamba picha ya mwanamke ikitundikwa upande wa magharibi huchuja upesi. Nilishindwa kutenga alichokijua na alichokisema tu. Alikuja kunikataza mara mbili zaidi, mara moja mbele ya Mama Nestori, aliyemkaribisha migebuka na kumwambia kwa huzuni, "Huyu haambiliki, baba. Hata chumvi anaweka kwa kijiko." Mara ya tatu nilimjibu kwa ukali kwamba taarifa imeshakwenda. Hiyo ilikuwa kweli. Ilikuwa imekwenda hatua ishirini, hadi meza ya Bwana Mkude, ambaye aliisoma na kufurahi kwa sababu ndani yake hapakuwa na vumbi.

Aliyepewa kazi ya kupiga lipu alikuwa Sadiki mwenyewe. Nilidhani atakataa, lakini alikuwa na nyumba ya kulisha, na nadhani pia hakuweza kuvumilia mkono mwingine uguse ukuta ule. Aliifanya kama mtu anayeshona sanda ya mtu ampendaye. Alipima mchanga na saruji kama nilivyoandika, akatandaza wavu, akapiga, akasawazisha kwa ubao, akamwagilia kila asubuhi, mpaka jumba likang'aa kama sabuni ya mche. Mwaka huo mvua zilipoanza jumba lilikuwa limeshafunguliwa rasmi, wageni wa wizara walikuwa wamepita vyumba vyote saba wakiwa wamefunga mikono nyuma, na mmoja wao alikuwa ameipigapiga lipu kwa kofi akasema, "Hii sasa ni nyumba." Bwana Mkude alikaribia kulia. Na mimi nilikwenda ufukweni Katonga asubuhi iliyofuata kununua samaki wa kumshukuru Mama Nestori, nikitembea kati ya mitumbwi na meza za dagaa kama mtu aliyejenga kitu.

Masika ilikuwa ya kawaida. Nimeiongeza ukubwa mara nyingi nikisimulia, lakini ilikuwa ya kawaida. Chini ya ukuta wa magharibi lipu ilianza kuvimba, tumbo dogo, nikalichora. Asubuhi moja, tukiwa uani tunakunywa chai kwa vitumbua, tulisikia sauti kama mtu anayeketi chini kwa uchovu. Tulipofika, lipu ilikuwa bado imesimama vipande vipande, imeshikwa na wavu wake, nyembamba kama ganda la yai, na ukuta uliokuwa ndani umeshuka wote kama uji. Picha tatu za chumba cha sita zilikuwa chini ya uji huo. Hakuna aliyeumia. Niliingiza mkono: udongo ulikuwa umelowa, wa baridi, na ulinukia mawese. Hapo nilijua. Hayo naomba yasomwe polepole, kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilikuja kujua baadaye.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha kwanza, chini ya picha kubwa ya wavuvi. Tulikuwa watu tisa na birika. Bwana Mkude alikuwa na barua ya wizara mkononi.

"Saruji ilichanganywa na nani?" aliuliza.

"Mimi," alisema Sadiki.

"Kwa kipimo gani?"

"Kilichoandikwa."

"Kilichoandikwa ni sahihi, maana kimeandikwa na mtaalamu. Basi kilichotiwa ndicho kilichopungua."

"Mzee, mimi sikupunguza. Mimi nilisema tangu mwanzo, huyu binti yupo hapa, aulizwe."

Watu wote wakanigeukia. Kwenye meza ya Bwana Mkude, chini ya barua ile, nilijua kulikuwa na fomu zangu za kwenda kusoma zaidi nje ya nchi, zikisubiri sahihi yake. Hakunitishia. Hata hakuzitazama. Aliuliza kwa upole wake wa siku zote, "Binti, una la kuongeza?"

"Sina," nilisema.

Kikao kikaandika "ufundi hafifu." Siku ya kuondoka, Mama Nestori alinisindikiza stesheni na chupa mbili za mawese, na Sadiki alikuja. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiandaa karibu kwa furaha. Akanikabidhi futi yangu ya chuma niliyokuwa nimeisahau kwenye chumba cha tatu. Alikuwa ameifuta. "Futi yako, msomi," alisema. "Isije ikasemwa fundi kaiiba." Treni ilichelewa kwa saa nne, na muda wote huo nilikaa kwenye benchi nikiivuta na kuiachia.

Nilisoma. Nilirudi nchini, nikafundisha, nikaacha kufundisha, nikaanza kuandika makala za kuchekesha kuhusu udhaifu wa watu, na msomaji makini atagundua kwamba katika makala hizo zote sijawahi kuitaja Kigoma. Ya Sadiki niliyapata kwa vipande. Hakuna aliyemwita tena kujenga Ujiji. Walisema mtu aliyeiba saruji ya serikali ataiacha ya nani? Alikwenda vijiji vya mwambao akasiriba nyumba za watu wasiosoma vikao. Lile jumba liliendelea kuvaa lipu yake pande tatu, na upande wa nne wakaweka matofali ya kuchoma, hadi walipokuja wataalamu wapya wenye vyombo vya kupima unyevu, wakagundua kwa vyombo hivyo alichokisema Sadiki akiwa amechuchumaa.

Kwa hiyo niliandika ukurasa wangu, nikapanda ndege kwa sababu magoti yangu hayataki tena treni, nikaenda kwa Bi Zuhura kabla ya kwenda kwa msimamizi. Anakaa nyumba ileile aliyoishi na Sadiki. Anaona vizuri, anasikia anachotaka. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniwekea chai ya tangawizi, na hatukuzungumzia marehemu mpaka kikombe kilipoisha, ndipo nikatoa pole, akaipokea kama mtu anayepokea kuni. Nikamsomea. Maandishi yalikuwa mazuri. Yalimtaja Sadiki kwa jina, yakaeleza kwamba alipinga saruji na kwamba alilaumiwa bila haki, na yakamtaja aliyeandika pendekezo lile, kwa jina lake kamili, ambalo ni langu. Nilikuwa nimekesha siku tatu nikipigania sentensi hiyo, na nilitegemea japo imguse moyo.

"Hayo utayaweka wapi?" aliuliza.

"Kwenye kibao, mlangoni. Kwa Kiswahili na kwa Kiingereza."

"Wageni watafurahi." Akasogeza kikombe. "Waliomwita mume wangu mwizi hawasimami mlangoni kusoma kibao. Wengine hawana miwani, na wengine wanalijua jumba lile tangu tumboni, watasoma nini? Kesho wanasiriba. Waliobaki watakuwepo. Njoo uyaseme huko."

Nikaanza kueleza kuhusu magoti yangu, na joto, na kwamba mimi ni mtu wa kuandika zaidi.

"Sijakuambia uje na magoti," alisema. "Njoo na mdomo."

Nilikwenda kwa bodaboda, asubuhi. Uani shimo lilikuwa palepale. Wanaokanyaga sasa ni wazee wachache na vijana wenye spika ndogo inayopiga muziki, na msimamizi alikuwepo na kamera yake, akaniita mama. Ukutani walikuwa wamejipanga. Nilikuwa nimetunga hotuba nzuri usiku kucha, yenye utangulizi. Nilipofungua mdomo utangulizi ulikimbia. Nikasema, "Mimi ndiye niliyeandika jumba lipigwe lipu. Fundi Sadiki alinikataza. Saruji aliitia yote. Ukuta ulipoanguka nikaulizwa kwenye kikao, nikanyamaza."

Mtu akazima spika. Mzee mmoja shimoni aliacha kukanyaga, tope likiwa magotini. "Alikukataza?" aliuliza.

"Mara tatu."

"Na sisi," alisema yule mzee, akiliambia tope zaidi kuliko mimi, "tukawakataza hata watoto wetu wasichukuliwe naye kazini."

Hakuna aliyenisamehe, na hakuna aliyenifokea. Nilisimama pale na mkoba wangu mzuri wa ngozi, nikingoja kimojawapo, kwa mazoea ya mtu aliyezoea kupokea maoni ya wasomaji. Bi Zuhura hakugeuka. Alimaliza kulaza bonge lililokuwa mkononi, akalikandamiza, akaligonga, akalisikiliza kama mumewe alivyokuwa akisikiliza. Kisha akasogea hatua moja kushoto, pakabaki ukutani nafasi ya mtu mmoja.

"Haya," alisema, "udongo unakauka."